Mume anataka tukope tujenge nyumba ya kupangisha, mimi hata kodi ya vyumba viwili nashindwa kuidai

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni muuguzi katika kituo cha afya cha serikali hapa Dar es Salaam, nina miaka 38. Mume wangu ni dereva wa malori ya masafa. Anapeleka mizigo Lubumbashi kupitia Tunduma, na akiondoka, kwa foleni za mpakani, mwezi unaweza kukatika hajarudi. Tuna watoto watatu. Namshukuru Mungu tunaishi kwetu, Chamazi, na uani tuna vyumba viwili vya kupangisha ambavyo alivijenga kabla hatujapata mtoto wa pili.

Tuna pia kiwanja Chanika, tulichonunua mwaka 2016 kwa kuandikishana serikali ya mtaa. Kina jina la mume wangu peke yake, kwa sababu siku ya kuandikishana mimi nilikuwa zamu. Sasa anataka tujenge pale nyumba yenye sehemu nne, kila moja chumba, sebule, jiko na choo ndani. Fundi ametukadiria milioni 43. Akiba yetu, ukiunganisha yangu ya SACCOS na yake, ni milioni 18. Hizo 25 zilizobaki anataka nizikope benki kwa mshahara wangu, maana yeye hana ajira ya mkataba na benki haimkopeshi. Nimekwenda kuuliza. Makato ni shilingi 608,000 kila mwezi kwa miaka mitano. Mshahara unaonifikia mkononi ni kama milioni moja na laki moja.

Mume wangu anasema nyumba za namna hiyo Chanika zinakwenda 110,000 kwa mwezi, kwa hiyo nne ni 440,000. Wapangaji ndio watakaolipa mkopo, sisi tutaongezea kidogo tu, na baada ya miaka mitano nyumba ni yetu. Ananiambia niwatazame wastaafu wa kazini kwetu wanavyolalamikia kikokotoo cha mafao. "Ukistaafu utakula nini?" ananiuliza kila tukizungumza, na jibu sina.

Shangazi, kinachoninyima usingizi hasa ni hivi vyumba viwili tulivyonavyo. Kimoja anakaa mama mmoja mjane, mtu mzima, anayeuza maandazi. Yuko nasi tangu 2019. Wanangu wanamwita bibi, na nikiwa zamu ya jioni ndiye anayewapokea wakitoka shule. Kodi yake ni 50,000, hatujawahi kuipandisha, na sasa ni mwezi wa nne hajalipa kwa sababu aliugua miguu akaacha biashara. Chumba cha pili yuko mtoto wa wifi yangu. Alikuja mwaka juzi kutafuta kazi, tukasema akae kwa muda. Kazi amepata, pikipiki amenunua, mke amemleta, na kodi hajatoa hata ya mwezi mmoja. LUKU ni moja kwa wote, na anayenunua umeme ni mimi.

Safari iliyopita mume wangu alisema yule mama aondoke, chumba kipakwe rangi, kipangishwe kwa 80,000. Kuhusu mpwa wake hakusema kitu. Kesho yake akaondoka, kwa hiyo wa kumwambia yule mama ni mimi. Nimekwenda mpaka mlangoni kwake mara kadhaa nikarudi bila kusema.

Mawifi wanasema mimi ni mlaini, siwezi mambo ya pesa. Je, mtu kama mimi anaweza kuwa mwenye nyumba wa watu wanne nisiowajua? Nikikataa mkopo, mume wangu ataona namrudisha nyuma. Nikikubali, naogopa nitaulipa peke yangu. Nishauri, Shangazi.

Mama wa watatu, Chamazi

*

Marahaba, mwanangu, na pole na zamu.

Barua yako ina mambo matatu yaliyofungwa pamoja: mkopo wa kujenga Chanika, mama aliyeko uani kwako, na namna wewe na mume wako mnavyogawana mzigo. Umeniambia kinachokunyima usingizi ni vyumba vya uani, si hesabu ya mkopo. Mimi naomba nianze na hiyo hiyo hesabu, kwa sababu naona umeiacha mikononi mwa mume wako wakati mshahara utakaokatwa ni wako.

Shilingi 440,000 kwa mwezi, kama anavyosema, ni pale nyumba zote nne zikiwa na watu na wote wanalipa. Toa kodi ya zuio ya pango, asilimia 10 ya TRA, zinabaki 396,000. Kisha kuna miezi ambayo mpangaji ametoka na mwingine hajaingia, koki imekatika, choo kimejaa na gari la kunyonya linatakiwa. Ukitenga hata 44,000 kwa mwezi kwa mambo hayo, umebaki na 352,000. Benki inataka 608,000. Pengo ni zaidi ya laki mbili na nusu kila mwezi, kwa miaka mitano, na litatoka kwenye mshahara wako. Sisemi ni pengo lisilobebeka. Ziko familia zinalibeba na kufika salama. Lakini "tutaongezea kidogo" ni maneno ya mtu ambaye hajakaa na kalamu.

Tena benki haisubiri nyumba iishe. Makato huanza mwezi unaofuata, na nyumba kama hiyo ikijengwa bila kusimama huenda ikachukua miezi sita. Kwa miezi hiyo sita utakuwa umekatwa shilingi 3,648,000 kabla mpangaji wa kwanza hajaleta godoro. Na milioni 43 za fundi ni akiba yenu yote pamoja na mkopo wote, hapakubaki shilingi. Muulizeni kama ndani ya makadirio yake kuna shimo la choo, simtanki, kuvuta umeme na uzio. Mafundi wengi hukadiria nyumba, wakaacha vile vinavyoifanya ikalike. Nyumba iliyofika kwenye linta, juu ya milango na madirisha, fedha zikaisha ndiyo ghali kuliko zote, kwa sababu inakula makato na haileti kodi.

Najua utaniambia Dar es Salaam watu hulipa miezi sita kwa mkupuo. Ni kweli, na kwa mwenye mkopo hapo pana mtego. Nyumba nne zikijaa kwa mara moja utapokea 2,640,000, fedha ambazo zikishikwa mkononi zinaonekana nyingi, na ada za shule zinaziona pia. Miezi mitano inayofuata hakuna kinachoingia. Anayeendesha kazi hii kwa amani hufungua akaunti ya nyumba peke yake na kutoa humo sehemu ya mwezi husika tu.

Kuna jambo umeliandika kwa mstari mmoja ukapita: kiwanja kina jina la mume wako peke yake. Simshuku, na sikwambii umshuku. Lakini tazama mpango ulivyo. Deni litakuwa kwa jina lako, na mali kwa jina lake. Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema mali iliyopatikana ndani ya ndoa ikiwa na jina la mmoja, huchukuliwa kuwa ni ya huyo mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ikiwa na majina yote mawili, huchukuliwa kuwa ya wote sawasawa. Ni kweli kwamba mahakama inaweza kutambua mchango wa mke, na Mahakama ya Rufani mwaka 1983 ilikubali kwamba hata kazi za nyumbani ni mchango. Ila huko ni kwenda kuthibitisha, mara nyingi mbele ya ndugu wa mume na katikati ya msiba au ugomvi. Kuongeza jina mkiwa mnapendana ni rahisi zaidi. Mnaweza kulifanya wakati mnashughulikia jambo lingine mnalolihitaji vilevile, yaani kujua kama kiwanja kimepimwa. Mkataba wa serikali ya mtaa unaonyesha kwamba mlinunua kwa fulani. Hauonyeshi mipaka iliyopimwa wala matumizi ya ardhi pale. Chanika iko Ilala, kwa hiyo maswali hayo na kibali cha ujenzi ni ya Jiji la Dar es Salaam. Na kumbuka benki inakukopesha kwa dhamana ya mshahara. Kiwanja haikihitaji, kwa hiyo hakuna ofisa wa benki atakayekwenda kukikagua kwa niaba yako.

Sasa nije kwenye swali la mume wako, "Ukistaafu utakula nini?" Nimelisoma mara mbili. Wewe ni mtumishi wa umma. Kikokotoo watu wanakilalamikia, na wana sababu, lakini una mfuko wa PSSSF unaochangiwa kila mwezi na pensheni itakuwepo. Asiye na mkataba, anayelala barabarani, ambaye siku mgongo ukikataa kuendesha hana kinachoingia, ni yeye. Sina hakika, ila huenda mume wako anajiuliza mwenyewe swali hilo kwa kutumia jina lako. Wanaume wengi wa kazi za namna yake huona nyumba ya kupangisha kuwa ndiyo pensheni pekee wanayoweza kuishika. Kama ndivyo, mazungumzo yenu yatakuwa mepesi ukianzia hapo: je, tajiri wake anamchangia NSSF kama mwajiri anavyotakiwa? Na kama hakuna mwajiri wa kueleweka, NSSF inapokea wanachama waliojiajiri. Hilo halichukui nafasi ya nyumba. Linaweza lakini kuiondolea nyumba ule uharaka unaokutisha.

Kuhusu ulaini wako, mwanangu, sikubaliani na mawifi zako. Mtu anayeweza kumwambia mgonjwa kwamba mguu hauponi bila kukatwa hawezi kuitwa mtu asiyejua kusema maneno magumu. Kazini unayasema kwa sababu kuna utaratibu: kuna faili, kuna kipimo, kuna hatua inayofuata. Uani kwako hakuna mkataba ulioandikwa, hakuna tarehe ya kulipa, hakuna daftari, LUKU ni moja. Kila ukitaka kudai inabidi uanze kutafuta ukali kutoka moyoni. Wenye nyumba wengi niwajuao ambao hawagombani na wapangaji si wakali hata kidogo. Wana mkataba wa kurasa mbili uliosainiwa mbele ya mjumbe, kila chumba kina mita yake ya umeme, na mpangaji anajua kodi ikipita siku kadhaa kutakuwa na barua. Na ile kodi ya majengo ya 1,500 kwa mwezi inayokatwa kwenye LUKU ya nyumba ya kawaida ni ya mwenye nyumba. Kama mita iko mikononi mwa mpangaji, mkubaliane atarudishiwa vipi. Vitu vidogo kama hivyo ndivyo huleta maneno uani.

Lakini mkataba hautamaliza kila kitu. Mume wako yuko barabarani, wewe una zamu, na Chanika si uani. Nani atakwenda bomba likipasuka? Nani atamwona mpangaji kabla hajapewa ufunguo? Dalali kazi yake huishia akishapokea mwezi wake mmoja. Ukimweka ndugu awe msimamizi, atahitaji malipo yaliyosemwa wazi na risiti kwa kila shilingi, vinginevyo mtakuwa na kisa kama cha mpwa, safari hii kwa nyumba nne.

Huyo mpwa simuachi. Yule mama anadaiwa miezi minne, yaani 200,000. Kijana, kwa kodi hiyo hiyo ya 50,000 tangu mwaka juzi, amepitisha milioni kwa kukadiria, na ana kazi na pikipiki. Lakini anayetakiwa kuondoka ni mjane. Nadhani unapofika mlangoni kwake ukarudi, si woga peke yake unaokurudisha. Unahisi kuna jambo halijakaa sawa, na nakuomba uisikilize hisia hiyo. Mazungumzo ya kijana ayaanze mjomba wake, hata kwa simu kutoka Tunduma. Mnaweza kumwambia kuanzia mwezi fulani yeye ni mpangaji kama wengine. Mnaweza pia kukubaliana aendelee kukaa bure, na hapo mseme wote wawili kwamba huo ni msaada wa ukoo na mwisho wake ni lini. Kila njia ina maneno yake kwa wifi yako. Kunyamaza kumeshawagharimu zaidi.

Kwa mama wa maandazi naona njia kadhaa, na hakuna isiyouma. Mnaweza kumsamehe deni lote au sehemu, mkamwambia waziwazi mmemsamehe, kisha mkaanza ukurasa mpya kwa kodi anayoimudu. Hatari yake ni kwamba mwezi wa tatu akishindwa tena, hasira itakuwa kubwa kuliko sasa. Mnaweza kumpangia alipe deni kidogo kidogo, 10,000 juu ya kodi, lakini miguu yake iwe imepona kwanza, na hilo wewe unaweza kulipima kuliko mimi. Kuna suala la watoto pia. Mtu anayewapokea watoto wako kila zamu ya jioni anakufanyia kazi ambayo ungemlipa msichana wa kazi. Ukisema "hiyo ipunguze kodi", ni haki, ila mkubaliane kwa maneno, asije akajikuta mfanyakazi asiye na mshahara kwa sababu anadaiwa. Na kama mwisho wenu ni kwamba aondoke, apewe taarifa ya maandishi na muda wa kutosha kutafuta kwingine. Msije mkafanya kama wanaoezua bati au kung'oa mlango. Sheria hairuhusu mwenye nyumba kujichukulia hatua mwenyewe. Mgogoro ukishindikana kuna Baraza la Kata kwa usuluhishi, kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Pia 80,000 anazotaka mume wako zitakuja baada ya kupaka rangi, kumlipa dalali na pengine kukaa na chumba kitupu kwa muda. Na jioni za zamu watoto watapokewa na nani?

Kuhusu Chanika, msidhani uchaguzi ni kukopa 25 au kuacha kabisa. Mnaweza kujenga sehemu mbili kwanza na kuacha msingi wa mbili nyingine. Shimo la choo na maji vitahudumia zote, kwa hiyo mbili hazitakuwa nusu kamili ya gharama, na milioni 18 huenda zisitoshe. Mkopo ungekuwa mdogo, au mngesubiri akiba. Kwa njia hiyo utajifunza kupangisha ukiwa na watu wawili, lakini saruji na nondo haziahidi kubaki bei ya leo, na mume wako ataona mnakwenda polepole. Au mnaweza kuvipa choo cha ndani na mita zake vile vyumba vya Chamazi, mahali ambapo uko wewe mwenyewe kila siku, ingawa mtapata vyumba viwili tu na suala la mama litabidi liamuliwe kwanza. Au mkope kama alivyopanga, mkiwa mmetenga fedha za miezi sita ya makato pembeni na jina lako likiwa kwenye kiwanja. Mkopo mkubwa hujenga haraka. Pia hukufunga: mtumishi lazima abakiwe na theluthi ya mshahara wake wa msingi, kwa hiyo mtoto akiugua au ada ikipanda huenda usiwe na nafasi ya kukopa tena.

Kabla hamjachagua, nendeni Chanika mvua za masika zikiwa zimechanganya, muone maji yanapita wapi na barabara inafikaje. Waulizeni wapangaji wa nyumba za jirani, wala msiwaulize madalali, wanalipa ngapi kweli na nyumba ngapi pale ziko tupu. Inawezekana 110,000 ni bei ya nyumba iliyo karibu na kituo cha daladala, na yenu ni mwendo wa bodaboda.

Benki nako urudi na maswali zaidi: jedwali la makato mwezi kwa mwezi, gharama za kulipa mapema, na kama bima ya mkopo inalifuta deni ukifariki au ukishindwa kazi. Mume wako akirudi safari hii, mkae na karatasi hizo mezani kabla hajapumzika akaanza kuitwa na tajiri. Kisha niandikie tena uniambie mmefika wapi, na amesemaje kuhusu jina lako kwenye kiwanja.

Shangazi yako